Mtihani wa Leseni ya Pikipiki: Jua Sababu ya Kila Sheria

Vijana wengi hununua pikipiki, wakaanza kuendesha, kisha wakaikumbuka leseni siku trafiki anapowasimamisha. Hapo husoma kwa pupa: hukariri alama usiku mmoja, kesho yake wakaenda kubahatisha. Tatizo ni kwamba swali likigeuzwa kidogo, aliyekariri hana jibu. Anayejua kwa nini sheria ipo hujibu hata swali asilowahi kuliona, na ujuzi huohuo ndio utakaomlinda barabarani.

Hatua za leseni

Nchini Tanzania, leseni ya kujifunzia hutolewa na Mamlaka ya Mapato (TRA). Baada ya mafunzo, unapimwa nadharia na vitendo na polisi wa usalama barabarani. Ukifaulu, unarudi TRA kuchukua leseni yenyewe. Kabla ya kuomba, angalia ukubwa wa injini yako. Daraja A ni la pikipiki zenye injini inayozidi cc 125, A1 ni la zisizozidi hapo, na bajaji ina daraja lake. Usichukue daraja kwa sababu tu rafiki yako analo.

Alama: soma umbo kabla ya picha

Pembetatu yenye ukingo mwekundu, ncha ikiwa juu, inaonya: kuna kona, tuta au watoto mbele. Duara lenye ukingo mwekundu linakataza au kuweka kikomo. Duara la buluu linaamuru. Alama mbili zimepewa umbo la peke yake: ya kusimama ina pembe nane, na ya kutoa njia ni pembetatu iliyopinduliwa. Zimefanywa hivyo ili zitambulike hata zikichafuka kwa matope, au ukiziona kwa nyuma.

Usizichanganye hizo mbili. Kwenye alama ya kusimama, magurudumu lazima yatulie kabisa, hata kama barabara ni nyeupe. Kwenye alama ya kutoa njia unapunguza mwendo na kuangalia. Pakiwa wazi, unapita.

Haki ya njia na mistari

Tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo aliyekwisha kuingia kwenye kipilefti anakujia kutoka kulia. Huyo mpishe. Mstari mzima ulio upande wako usiuvuke: mara nyingi umechorwa mahali ambapo kilima au kona inakuficha anayekuja. Kwenye kivuko cha pundamilia, gari likisimama mbele yako usilipite, kwani huenda limesimama kumpisha mtu usiyemwona. Na kwa Dar es Salaam, njia ya mabasi ya mwendokasi si ya bodaboda. Dereva wa basi lile hategemei kukukuta pale.

Mwendo na breki

Kikomo katika maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa. Kwa mwendo huo unakwenda takriban mita 14 kila sekunde, kabla hata kidole hakijagusa breki. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kushika breki huongezeka mara nne. Ndiyo maana unatakiwa kuacha angalau sekunde mbili nyuma ya gari lililo mbele. Chagua nguzo, gari likiipita, hesabu "elfu moja na moja, elfu moja na mbili". Ukiifikia nguzo kabla ya kumaliza, umekaribia mno. Mvua ikinyesha, zidisha nafasi hiyo. Dakika za mwanzo ndizo zenye utelezi mbaya, maana vumbi na oili vimechanganyika juu ya lami.

Wapo wanaoiogopa breki ya mbele wakidhani itawarusha. Ukweli ni kwamba pikipiki inapopunguza mwendo, uzito huhamia mbele, na gurudumu la mbele ndilo hushika barabara zaidi. Tumia breki zote mbili, ukiibana ya mbele taratibu bila kuishtua. Punguza mwendo kabla ya kona, si katikati yake, na kwenye mchanga au kokoto shika breki kwa wepesi zaidi.

Kofia ngumu na mishikaki

Uchambuzi wa tafiti nyingi umeonyesha kuwa kofia ngumu hupunguza hatari ya kifo kwa takriban 42% na ya jeraha la kichwa kwa 69%. Lakini isiyofungwa kidevuni huruka kabla kichwa hakijafika chini. Abiria naye anahitaji yake. Kubeba mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, ni kosa, na sababu yake iko wazi: uzito ukirundikana nyuma, usukani unakuwa mwepesi na pikipiki inachelewa kusimama.

Hakikisha unaonekana

Pikipiki ni nyembamba, hivyo dereva wa gari hudhani iko mbali kuliko ilivyo, akakata kulia mbele yako. Washa taa hata mchana, na ukikaribia makutano punguza mwendo ingawa njia ni yako. Nyuma ya lori, kama huioni sura ya dereva kwenye kioo chake, naye hakuoni. Usichomekee hapo.

Wiki ya mwisho

Chukua michoro ya makutano, umweleze mtu wa nyumbani nani anapita kwanza na kwa nini. Ukikwama kwenye "kwa nini", hapo ndipo pa kurudia. Siku ya vitendo, kagua upepo, cheni, breki, taa na vioo kabla ya kuwasha injini, na geuza kichwa uangalie nyuma kabla ya kuondoka.

Ukishapata leseni, wiki za kwanza endesha mchana, peke yako, kwenye barabara unazozifahamu. Abiria atakuja, lakini asikukute bado unajifunza kushika breki.