UVUNDO KATIKA NYUMBA YA ZAMANI

Mji wa Nachingwea ulikua upesi zamani za kilimo kikubwa cha karanga, kilichoanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947. Nyumba zikizeeka, huko na Ruangwa na penginepo pote, huwa na maradhi yake. Na ugonjwa mmoja ni uvundo utokao chooni. Wenyeji huosha sakafu na kufukiza ubani, lakini kesho yake harufu imerudi. Ni kwa sababu gani?

Katika choo cha maji, na chini ya sinki, bomba limepindwa mfano wa shingo ya bata. Ndani ya pindo lile maji kidogo hukaa daima. Maji hayo ndiyo mlango: uchafu hupita kwenda shimoni, lakini hewa ya shimo haiwezi kurudi nyumbani. Mwaka 1775 fundi wa saa wa London, jina lake Alexander Cumming, alipata hati ya choo chenye pindo la namna hiyo.

Basi wakati wa kiangazi, choo kisipotumiwa, maji ya pindo hukauka, na mlango huwa wazi. Dawa yake si ubani, ni maji: yamwagwe humo kila juma.

Ikiwa maji yamo na uvundo ungalipo, yafaa kutafuta sababu nyingine. Pengine bomba lina ufa. Pengine bomba la hewa, lipandalo mpaka juu ya paa, limezibwa na kiota cha ndege. Pengine shimo limejaa. Hizo ni kazi za fundi.

Tena hewa ya shimo si ya kunuka tu. Yaweza kuwaka moto, na yaweza kuua kwa pumzi chache. Sumu yake ikizidi hulemaza pua, hata mtu akadhani uvundo umekwisha. Kwa hiyo mtoto asifunue shimo, wala asimulike kwa kibiriti. Mtu akianguka humo, asishuke mwingine kumfuata, maana wengi wamekufa hivyo, wawili watatu katika shimo moja. Na apige kelele, aite msaada. Kuokoa si kufa pamoja.

MASWALI
1. Maji ya pindo yana kazi gani?
2. Kwa nini uvundo huzidi wakati wa kiangazi?
3. Uvundo ukikoma ghafula karibu na shimo, je, hatari imekwisha? Eleza.