Ziara ya Habib Saleh Katika Mji wa Lamu

Wakatoliki wanayo desturi ya kuzuru makanisa ya watakatifu wao. Katika Malindi liko kanisa dogo la Wareno, lenye paa la makuti, ambalo hukumbusha safari ya Mtakatifu Fransisko Xavier, aliyefika huko mwaka 1542 akielekea Goa, akamzika mmoja wa wasafiri wenziwe. Kaskazini ya hapo, katika kisiwa cha Lamu, watu hukusanyika kila mwaka kwa ajili ya mcha Mungu mwingine, Mwislamu, naye ni Habib Saleh. Desturi hizi mbili si moja. Xavier alitangazwa kuwa mtakatifu huko Roma mwaka 1622; lakini katika Uislamu hapana baraza la kutoa cheo hicho, na mtu huitwa walii kwa kuwa watu wameziona sifa zake.

Habib Saleh bin Alawi, wa ukoo wa Jamal al-Layl, alizaliwa Ngazija katikati ya karne ya 19, akaja Lamu angali kijana. Katika siku hizo mji ulikuwa umegawanyika. Mkomani walikaa wenye majumba ya mawe, nao ndio waliokuwa na elimu. Langoni zilikuwa nyumba za udongo na makuti, za wageni, wagema na watumwa. Utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria ya pwani hii mpaka mwaka 1907. Sharifu huyo, ambaye angeweza kukaa na wakubwa, alichagua kukaa Langoni. Aliwatibu wagonjwa, akawafundisha Kurani na elimu ya dini watoto ambao baba zao hawakuruhusiwa hata kukaribia darasa.

Jambo hilo halikuwapendeza wote. Wako waliosema kwamba elimu inadhalilishwa ikitiwa mikononi mwa watu wa namna ile, tena wakachukizwa na matari yaliyopigwa katika maulidi yake. Yeye hakuacha. Mwanzoni mwa karne ya 20 ukasimama msikiti wa Riyadha, ulioitwa kwa jina la msikiti wa Seyyun, Hadhramaut, wa mwanachuoni Habib Ali al-Habshi, ambaye maulidi yake ndiyo yasomwayo Lamu. Wanafunzi waliotoka katika chuo cha Riyadha walitawanyika pwani nzima na kwingineko.

Habib Saleh alifariki katikati ya miaka ya 1930. Katika Mfungo Sita wageni hufika Lamu kutoka Ngazija, Tanzania na sehemu nyingi za Kenya. Mashua hujaa, na watu hulala hata barazani. Huenda makaburini wakasoma dua, kisha hupita mjini kwa zefe, wakipiga matari na kusoma kasida. Yako pia mashindano ya punda na ya mashua, ambayo vijana huyangojea mwaka mzima, pengine kuliko hotuba.

Wako Waislamu wasioikubali ziara, wakisema kwamba maiti haombwi kitu. Wenye kuzuru hujibu kwamba aombwaye ni Mungu peke yake, na kaburi ni ukumbusho tu. Mabishano hayo hayajakwisha. Hata hivyo, miongoni mwa wale wanaosimama kaburini wamo wajukuu wa wagema na wa watumwa, nao wanasoma Kiarabu bila ya kusaidiwa na mtu.