Dondoo Muhimu: Usalama wa Visanduku vya Ndege

Ndege wa buluu wa mashariki mwa Marekani (Sialia sialis) hutaga kwa urahisi katika visanduku vya mbao vinavyowekwa bustanini, lakini tundu lenye kipenyo cha milimita 38, ingawa humzuia kwenzi wa Ulaya, humpitisha shomoro, ndege mgeni aliyeletwa New York katika karne ya 19, ambaye hutoboa mayai na hata kumuua mama akiwa ameatamia. Paka, nyoka na rakuni, mnyama mwenye vidole hodari vya kupapasa, huzuiwa kwa nguzo ya chuma iliyovishwa bomba pana la bati chini ya kisanduku. Kijiti cha kutua mbele ya tundu huwafaa wavamizi tu. Kisanduku kikaguliwe kila wiki, na kiota cha shomoro kiondolewe kabla hajataga.