Kinyume Darasani: Lugha ya Mchezo katika Mafunzo ya Silabi na Ngeli

Ndugu mwanachuo, utakapokwenda mazoezi ya kufundisha katika shule za pwani, toka Bunju hadi Saadani, huenda ukawasikia watoto wakisemezana: "Kisama kawamefi." Usikimbilie fimbo ukidhani wanakutukana. Wamesema "Samaki wamefika" kwa kinyume, lugha ya mchezo ambayo silabi ya mwisho ya kila neno hutangulizwa mwanzo. Mchezo huu ni wa zamani. Edward Steere, askofu wa Unguja aliyefariki mwaka 1882, aliandika mifano yake katika kitabu chake cha mafunzo ya Kiswahili.

Shabaha ya makala haya ni kuonyesha jinsi kinyume kinavyoweza kumsaidia mtoto anayesoma kwa kukariri. Mtoto huyo huusoma ukurasa mzima bila kukwama, kumbe ameushika kwa sikio. Mwandikie ubaoni neno moja la ukurasa ule ule, atalitazama kama mgeni. Asipogunduliwa mapema, atapanda madarasa bila kujua kusoma.

Hatua ya Kwanza: Silabi

Andika maneno kwenye kadi. Kila mtoto asome kadi yake kimya, kisha alitamke neno kwa kinyume na kuliandika. Anza na "kitabu", ambalo huwa "bukita". Halafu yafuate maneno haya matatu:

nyumba – mbanyu
dagaa – adaga
mtu – tum

Makosa ndiyo yatakayokufundisha. Anayesema "banyum" ameikata silabi "mba" katikati. Anayesema "gaada" hajatambua kwamba "a" ya mwisho ni silabi kamili. Anayeliacha "mtu" kama lilivyo hajui kwamba "m" hapo husimama peke yake. Liandike kila kosa katika daftari lako pamoja na jina la mtoto, nawe utajua kesho umsaidie wapi.

Hatua ya Pili: Ngeli

Rudi kwenye "Kisama kawamefi". Sauti zimegeuka, lakini mpangilio wa maneno na upatanisho ni ule ule wa Kiswahili. Kinyume hakina sarufi yake chenyewe. J. R. R. Tolkien, mwandishi wa hadithi na profesa wa Oxford, alizitungia lugha zake za kubuni kanuni za sauti na za sarufi, kwani orodha ya maneno peke yake si lugha.

Basi wape watoto neno la kubuni, waone kanuni ikifanya kazi. Andika: "Mzelo umeanguka." Waulize: ikiwa ni miwili? Watajibu: "Mizelo imeanguka." Kisha andika: "Mzelo ameanguka." Sasa watasema: "Wazelo wameanguka." Hakuna aliyewahi kumwona mzelo, wala kitabuni hayumo, basi jibu halikutoka katika kukariri. Jean Berko alitumia njia ya namna hii huko Marekani. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1958, aliwapa watoto wadogo maneno ya kubuni, akaonyesha kwamba wanazo kanuni za lugha yao vichwani.

Tahadhari

Watoto waliohamia kutoka bara huenda hawakijui kinyume. Waeleze kanuni kwanza, wala usiruhusu wachekwe. Pia usimwulize mtoto siri aliyomwambia mwenziwe uwanjani. Mchezo ni wao. Sisi tumeuazima kwa dakika chache za somo.

Zoezi kwa Mwanachuo

1. Geuza kwa kinyume: Bagamoyo, Kaole, ng'ombe, nchi. Taja kosa moja ambalo mtoto aweza kulifanya katika kila neno.

2. Buni neno moja, ulitungie sentensi katika umoja na wingi kwa ngeli mbili tofauti.