Kabla ya kugawa shamba la marehemu baba, kipi ni cha mama?



Sisi tunaokaa Mbagala, Chamazi, Toangoma, Bunju na Mabwepande tumejenga juu ya mashamba ya watu. Hapa palikuwa na mihogo, minazi na mikorosho. Leo ni viwanja vya ishirini kwa ishirini, na wimbi hilo limeshavuka mpaka wa mkoa, liko Vikindu na Mkuranga. Kila shamba linapokatwa viwanja yupo anayetia saini na yupo aliyelilima, na mara nyingi si mtu mmoja. Leo namzungumzia huyu wa pili, mama wa shamba.

Namjua kwa sababu ndiye aliyenilea. Mama yangu, kama mama wengi wa Mkuranga na Kisarawe, alikuwa macho kabla ya adhana ya Alfajiri. Akishaswali, anashika jembe. Msimu wa mpunga alishinda bondeni akiamia ndege, mtoto mgongoni, na jioni alirudi na mzigo wa kuni kichwani. Mchana watu wakijinyoosha, yeye alikaa chini ya mwembe akisuka ukili, maana mikeka ndiyo iliyotununulia madaftari. Korosho aliziokota yeye na kuzianika yeye, lakini zikifika chama cha msingi jina kitabuni lilikuwa la baba. Simlaumu baba, ndivyo mambo yalivyokuwa na alitutunza vizuri. Ila jina la kitabuni ndilo linaloonekana siku mtu anapofariki.

Siku hizi dalali hafiki baada ya arobaini, anafika kabla. Mama yumo ndani ya eda yake ya miezi minne na siku kumi, vijana wako nje wanapima kwa kamba. Nimekaa katika vikao vya namna hiyo zaidi ya kimoja, kwani huku kwetu ukionekana umesoma kidogo unaitwa. Maneno huwa yale yale: "Mama hana shida, tutamchukua mjini tumpe chumba." Chumba chenyewe ni cha uani, na mama aliyezoea eka nne anabaki kufagia sakafu ya saruji.

Wanaosema hivyo wanadhani wanafuata dini. La hasha. Maneno yao yanafanana sana na Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, lililoandika mila za urithi za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Humo mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto kama alivyowatunza yeye. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kuwa kanuni hizo zina ubaguzi, lakini ikajizuia kuzifuta. Nashangaa Muislamu mwenye Suratun Nisaa nyumbani kwake anavyokwenda kujificha ndani ya tangazo hilo.

Aya ya 7 ya sura hiyo imewapa wanawake fungu, mali iwe ndogo au kubwa. Aya ya 12 imempa mke thumni ikiwa mume ameacha watoto, na robo ikiwa hakuacha. Wake wakiwa zaidi ya mmoja wanagawana fungu hilo hilo. Tuseme shamba limeuzwa shilingi milioni 24, marehemu kaacha mke mmoja, wana watatu na binti mmoja, na wazazi wake walishatangulia. Mama anapata milioni 3, kila mwana milioni 6, binti milioni 3. Hesabu imekwisha.

Ugumu uko kabla ya hesabu. Liko deni la mahari. Wazee wetu wengi walitaja mahari wakatoa sehemu, iliyobaki ikawa ya maneno. Ikiwa mke hakuisamehe, hilo ni deni kama deni la dukani, linatoka kabla ya wasia na kabla ya urithi.

Tena kuna mali ya mama mwenyewe. Ndoa katika Uislamu haichanganyi mali. Alichochuma mke ni chake, na aya ya 32 imeligusa hilo. Katika familia moja ya huku Chamazi niliuliza: ile robo eka ya mpakani alinunua nani? Kimya. Kisha binti yao akasema ilinunuliwa kwa fedha za mikeka. Jirani aliyeiuza alikuwa hai, akaitwa, akathibitisha. Viwanja viwili vilivyokwishapigwa mambo vikatolewa kwenye orodha ya mirathi. Kaka mkubwa hakufurahi.

Hata mahakama za serikali zimeliona jasho la mke. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa kwa mujibu wa kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Rufaa ya Bi Hawa mwenyewe haikufaulu, na kesi ilikuwa ya talaka, si ya mirathi. Lakini ikiwa jiko ni mchango, jembe tuliiteje?

Lililo gumu kuliko yote ni pale mama anaposema, "Nimewaachia wanangu." Anasema mbele ya wajomba, wakwe na dalali, macho yote kwake. Mama gani atasema vinginevyo? Aya ya 19 imekataza kuwarithi wanawake kwa nguvu, na haya ya mbele za watu nayo ni nguvu. Mimi huomba fungu lake likabidhiwe mkononi mwake kwanza. Akishalishika, akakaa nalo miezi kadhaa, kisha akataka kumpa mwanawe, hiyo ni hiba, na ni hiari yake.

Mwenye wazazi hai ana nafasi nzuri zaidi. Kijijini, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 imeweka hati ya hakimiliki ya kimila, na mume na mke wanaweza kuiomba kwa majina yao wote wawili. Huku mitaani, mama akinunua kipande, karatasi ya mauziano iandikwe jina lake pale serikali ya mtaa, mashahidi watie saini. Ile robo eka ya Chamazi haikuwa na karatasi yoyote. Ilisimama juu ya kauli ya mzee mmoja jirani, na mwaka uliofuata mzee huyo naye alifariki.