Kufundisha Beringi ya Tufe katika Darasa la Sita

Tulipokuwa Somanda, mjini Bariadi, kukagua mazoezi ya kufundisha, tuliingia siku moja katika Darasa la Sita kusikiliza somo la sayansi. Mada ilikuwa msuguano na namna ya kuupunguza. Mwanachuo alikuwa amejiandaa vema: andalio la somo limekamilika, shabaha zimeandikwa, na ubaoni amechora beringi kwa chaki za rangi mbili. Wanafunzi walikariri kwa sauti moja kwamba beringi ni chombo cha kupunguza msuguano. Kabla ya kengele tulimwomba mwanafunzi mmoja atuonyeshe beringi. Akainuka, akaenda kwa adabu hadi ubaoni, akaigusa ile picha. Nje ya dirisha, chini ya mti, kililala kigari cha mbao ambacho yeye na wenzake hukiteremsha mlimani wakati wa mapumziko. Magurudumu yake yote manne yalikuwa beringi kuukuu zilizotupwa na mafundi.

Kwa somo hilo tulimpa mwanachuo alama nzuri, maana fomu yetu ya ukaguzi huuliza habari za andalio, ubao na sauti. Wiki iliyofuata alifundisha somo tunalolieleza hapa. Alipitisha muda kwa dakika kumi na tano, ubao wake ulibaki karibu mtupu, na kwa fomu ileile akapata alama pungufu. Njiani tukirudi tulibishana wenyewe kwa wenyewe, na makala haya yametokana na ubishi huo.

Kwanza mwalimu hana budi kukielewa chombo chenyewe. Beringi ya kawaida, kama ile iliyo katika kitovu cha gurudumu la baiskeli, huruhusu mwendo wa namna moja tu, yaani kuzunguka. Beringi ya tufe ina vipande viwili. Pete ya ndani ina umbo la tufe lililotobolewa katikati ili boliti ipite; pete ya nje imechimbwa kwa ndani kwa mviringo uleule, ikalikumbatia tufe. Kwa hiyo tufe huzunguka, na tena huweza kulala upande huu na ule, lakini halichomoki. Ndugu yake wa karibu ni kile kiungo kilichopo mwishoni mwa mkono unaoshika gurudumu la mbele la gari. Mkono huo mafundi huuita amu, na kiungo chake boli jointi. Gurudumu la mbele lina kazi mbili kwa wakati mmoja: kupanda na kushuka kwa kufuata mashimo ya barabara, na kugeuka dereva anapokata kona. Bawaba ya mlango isingeiweza kazi hiyo.

Mafundi wanaojiundia magari mepesi ya mashindano huenda mbali zaidi. Huziondoa bushi za mpira zilizopo upande wa pili wa amu, pale inaposhikana na fremu, wakatia beringi za tufe za chuma. Mpira hubonyea, hivyo gurudumu huyumba kidogo katika kona kali, chuma hakibonyei. Lakini mpira pia hunyamazisha mtikisiko, na chuma hakifanyi hivyo. Kisha lipo vumbi, ambalo likiingia kati ya pete na tufe husaga vyote viwili. Magari ya kawaida yana sababu njema ya kubaki na mpira.

Fikra ya beringi inayokubali kuinama ina historia inayofaa kusimuliwa darasani. Mwaka 1907 mhandisi Sven Wingquist alikuwa akihudumia mitambo ya kiwanda cha nguo huko Göteborg, Sweden. Ardhi ya pale ilikuwa ya mfinyanzi. Jengo lilititia kidogo kidogo, shafti zilizozungusha mashine zikatoka katika mstari, na beringi zikawa zinakufa mapema. Akabuni beringi yenye safu mbili za gololi ndani ya pete ya nje iliyochimbwa kwa umbo la tufe, ili shafti ikiinama, beringi iiname nayo. Kampuni ya SKF ilianzishwa mwaka huohuo. Mtoto wa Bariadi aliyeona ukuta wa nyumba ukipasuka juu ya udongo mweusi wa mbuga hahitaji maelezo marefu ili aelewe taabu ya kiwanda kile.

Sasa tuliangalie somo. Mwanachuo hakuanza na gari. Aliwasimamisha wanafunzi, akawaambia wakunje kiwiko, kisha wazungushe bega.

"Kiwiko kinakwenda wapi?"

"Mbele na nyuma, mwalimu."

"Na bega?"

"Kote kote!"

Hapo akatoa mfukoni mfupa wa paja la mbuzi alioupata buchani, pamoja na kipande cha nyonga chenye tundu lake, vikapita mkono kwa mkono. Somo la viungo vya mwili walikwisha kulisoma, lakini wengi walikuwa hawajawahi kukitia kichwa cha mfupa ndani ya tundu lake na kukizungusha. Dakika saba zilikwenda hapo. Hatuoni kwamba zilipotea.

Siku iliyotangulia kila kikundi kilikuwa kimefinyanga tufe la udongo lenye ukubwa wa limau, likapitishwa kijiti katikati na kuanikwa. Sasa walilizungushia udongo mbichi ili kuunda pete ya nje. Kikundi kimoja kiliubandika udongo mbichi moja kwa moja juu ya tufe kavu. Vingine viliweka kwanza karatasi iliyopakwa mafuta. Kazi hiyo ikaachwa hadi kipindi cha pili cha kesho yake. Kile kikundi cha kwanza kilikuta pete imekauka, imesinyaa na kulibana tufe lisiweze kuzunguka kabisa. Mwanachuo angeweza kuwaonya mapema. Hakufanya hivyo, na sisi tunaona alikuwa na haki, kwa kuwa kutokana na pete ile iliyokwama darasa zima lilielewa habari ya nafasi: ikizidi, kiungo hugonga, ikikosekana, hukwama. Katika beringi ya chuma nafasi hiyo hupimwa kwa sehemu mia za milimita.

Kisha likaja jambo la kuipachika beringi ndani ya amu. Amu ilikuwa kipande cha bomba la plastiki. Pete ya udongo ilifungwa kitambaa kwa nje ili iingie kwa kubana. Nusu ya vikundi viliambiwa visukume tufe la katikati. Nusu nyingine visukume pete kwa mdomo wa kopo lililotoshana nayo. Kabla ya kusukuma kila mwanafunzi alisema anachotazamia kitokee. Waliosukuma tufe, pete ilipasuka karibu zote na tufe likatokeza upande wa pili. Waliosukuma pete, iliingia nzima. Swali lililoandikwa ubaoni, nalo lilikuwa peke yake, lilisema: Nguvu inapita wapi?

Mwalimu awe mwangalifu hapa. Kanuni si kwamba daima husukumwa pete ya nje. Kanuni ni kwamba husukumwa ile pete inayobanwa. Beringi ikiingia tundu kwa kubana, sukuma ya nje. Ikivikwa shafti kwa kubana, sukuma ya ndani. Nguvu ikipitia kwenye tufe au gololi, huacha alama ndogo zisizoonekana, na beringi huanza kufa siku ileile ilipofungwa.

Ziara ya gereji ilikuwa ya nusu saa. Mwanachuo alikwenda jana yake kuzungumza na fundi, naye fundi akaandaa amu moja nje ya gari. Kugusa springi iliyobanwa kulikatazwa kabisa, na kadhalika kusimama mbele ya nyundo: chuma kigumu cha beringi kikipigwa huweza kumeguka na kuruka, na jicho halina spea. Fundi mwenyewe hakutumia nyundo. Alisafisha tundu, akaondoa kutu kwa msasa, akapaka mafuta kidogo, akasimamisha beringi wima na kuisukuma polepole kwa jeki. Ilipoanza kuingia upande, aliitoa akaanza upya. Mwisho akatia klipu katika mfereji wake, kisha akalizungusha tufe kwa kidole aone kama bado lina uhuru. Aliwaeleza pia kwamba anayejiundia amu hana budi kumaliza kuchomelea kwanza, maana moto hupinda tundu, ndipo alisawazishe tundu na kutia beringi.

Lakini kabla hajaanza kazi hiyo, kwa mapatano na mwanachuo, aliweka juu ya meza vipande vitatu vya bomba vya vipimo mbalimbali, akasema, "Haya wanangu, jeki nisukumie kwa bomba lipi?"

Yule mvulana aliyetuonyesha picha ya ubaoni alikishika kipande chembamba, akakipima juu ya beringi, akakirudisha. "Hiki kitakaa juu ya tufe, fundi." Kipana nacho akakirudisha, kwa kuwa kingekalia amu yenyewe. Akampa cha katikati.

Fomu ya ukaguzi haina mstari wa jambo kama hilo, kwa hiyo tuliliandika nyuma ya karatasi. Alama za mwanachuo tulizibadilisha kabla ya kuzipeleka chuoni, na fomu tumeomba ijadiliwe katika mkutano wa idara.