Alama za Chaki Kwenye Mfarishi: Usikimbilie Pasi

Mfarishi wa viraka, ambao wengi huuita blanketi la viraka, huchukua wiki kadhaa kushonwa. Vipande hukatwa na kuunganishwa, kisha kitambaa cha juu, pamba ya katikati na bitana hushikanishwa kwa mishono inayofuata mistari iliyochorwa kwa chaki. Kazi ikikamilika, mistari hiyo ndiyo jambo la kwanza mnunuzi analoliona. Aliyekuwa tayari kulipa bei iliyotajwa huanza kuomba apunguziwe, au anaurudisha mfarishi akisema umechafuka. Kwa kikundi cha akina mama kinachogawana mapato, alama chache za chaki nyekundu zinaweza kumeza faida yote ya mfarishi mmoja.

Alama nyingi za aina hii hutoka. Zinazokataa mara nyingi ni zile zilizopigwa pasi kwanza. Mshonaji anataka kazi yake inyooke kabla ya kuipeleka sokoni, anapitisha pasi ya moto juu ya mstari wa chaki, na kilichokuwa juu ya kitambaa kinazama ndani ya nyuzi. Kwa hivyo, kabla ya pasi na hata kabla ya maji, ni lazima kujua mstari huo ulichorwa kwa kitu gani.

Chaki za fundi ni za aina mbili kuu. Ya kwanza ni ya vumbi, iliyotengenezwa kwa udongo laini, chokaa au madini mengine ya aina hiyo. Chaki ya darasani, ambayo mafundi wengi huitumia kwa sababu ni rahisi kupatikana, huingia katika kundi hili. Ya pili ni ya nta. Kuzitofautisha si kazi kubwa: kwaruza kipande cha chaki kwa ukucha. Ikitoa vumbi, ni ya vumbi. Ikimenyeka na kuteleza kama mshumaa, ni ya nta.

Alama ya vumbi iondolewe ikiwa kavu. Maji yakitangulia, vumbi hugeuka uji na kushika katikati ya nyuzi. Kung'uta mfarishi nje, kisha pitisha brashi laini, hata mswaki wa zamani uliosafishwa, kwa kufuata mwelekeo wa nyuzi. Usisugue kwa kuzungusha, kwa sababu kitambaa hutoa manyoya na pamba ya ndani husogea na kufanya uvimbe. Selotepu ikibandikwa na kubanduliwa polepole huokota vumbi lililosalia. Chaki nyeupe kwa kawaida huishia hapo. Ya rangi, hasa nyekundu, inaweza kuacha kivuli. Hapo ndipo maji baridi yenye matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo hutumika: chovya kitambaa cheupe, gusagusa kutoka ukingoni mwa alama kuelekea katikati, na ubadilishe upande wa kitambaa kila unapochukua rangi.

Kwanza, hata hivyo, jaribu pembeni au upande wa chini. Kitenge chekundu au cha buluu iliyokolea kinaweza kuvuja rangi. Kitambaa cheupe kilicholowa kikiguswa hapo na kutoka na rangi, tatizo la kuogopa si chaki tena.

Alama ya nta huhitaji subira zaidi. Kwangua ya juu kwa mgongo wa kijiko. Kama chaki ilikuwa nyeupe na kitambaa ni cha pamba, weka karatasi ya tishu nyeupe juu ya alama, pitisha pasi yenye joto dogo, na ubadilishe tishu mara tu inapolowa nta. Gazeti lisitumike, kwa kuwa wino wake huhamia kwenye kitambaa. Doa la mafuta litakalobaki hutoka kwa sabuni ya kuoshea vyombo iliyoachwa dakika 15 kabla ya kusuuzwa. Nta ya rangi isipigwe pasi kabisa. Ianze moja kwa moja na sabuni hiyo. Ikumbukwe pia kwamba pamba nyingi ya kujazia inayouzwa madukani ni poliesta, na haivumilii joto kali.

Wako wanaochora kwa kalamu za kufutika badala ya chaki. Zile za buluu zinazotoka kwa maji zisuuzwe kwa maji baridi matupu, bila sabuni na kabla ya pasi, la sivyo alama inaweza kugeuka kahawia na kubaki. Kalamu za FriXion za kampuni ya Pilot ya Japani zina tabia nyingine: wino hupotea kwa joto la takriban nyuzi 60, lakini unaweza kurudi baridi inapofika nyuzi 10 hivi chini ya sifuri. Hapa Kenya mshonaji huenda asijue kamwe. Mtalii aliyebeba mfarishi hadi Ulaya wakati wa baridi ndiye atakayeiona mistari ikirudi.

Kuna alama moja ambayo huitwa chaki na kumbe si chaki. Katika maeneo yanayotegemea maji magumu ya visima, sabuni ya mche hukataa kutoa povu. Huungana na madini yaliyo ndani ya maji na kufanya utando mweupe unaoganda kwenye kitambaa, hasa cheusi. Mtu huufua mfarishi mara tatu akidhani anaondoa chaki, na kila mara anaongeza utando. Dawa yake ni kusuuza kwa maji yenye siki, vijiko vichache kwa beseni moja, kisha kusuuza tena kwa maji matupu. Maji ya mvua, kwa anayeyahifadhi, ni bora zaidi kwa kazi hii.

Jik na dawa nyingine za kung'arisha nguo hazisaidii. Haziyeyushi madini wala nta. Zinachofanya ni kuharibu rangi ya kitenge. Zaidi ya hayo, Jik ikichanganywa na siki hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu kwa mapafu. Mafuta ya taa nayo yaachwe kwenye taa. Yanaacha harufu na doa jipya, na mfarishi uliolowa mafuta karibu na jiko ni hatari ya moto.

Mafundi wa siku nyingi wana njia isiyogharimu kitu: kipande chembamba cha sabuni ya mche kilichobaki bafuni, kikakaushwa hadi kikawa kigumu. Kwenye kitambaa cheusi huchora mstari mwembamba kuliko chaki, na mstari huo huondoka mfarishi ukifuliwa mara ya kwanza. Kwa kitambaa cheupe, ambako sabuni haionekani, chora kwa wepesi kwa chaki ya rangi hafifu iliyojaribiwa kwanza kwenye kipande cha ziada na kufuliwa.

Mfarishi ukifuliwa, usiukamue kwa kuusokota. Ukiwa umelowa ni mzito, na uzito huo hukata mishono. Ubonyeze maji kwa mikono, uutandaze juu ya kamba mbili badala ya moja, kivulini penye upepo, na usiukunje hadi pamba ya ndani ikauke kabisa, kwa kuwa unyevu huleta ukungu.

Vyuo vya mafunzo ya ufundi, ambavyo Katiba ya 2010 iliviweka chini ya serikali za kaunti, hufundisha ushonaji. Mwenye alama iliyokataa anaweza kumwuliza mkufunzi wa ushonaji katika chuo kilicho karibu naye. Asibebe mfarishi peke yake. Abebe na ile chaki aliyoitumia.